Maili Nne na Mahindi Yanayolia

Basi sikilizeni, nitaeleza mara moja tu, tena kwa maandishi, maana kwa simu mnanikatiza. Nyote wa kikundi chetu cha Alhamisi mmeuliza swali moja: imekuwaje Zuhura, mtu mzima, fundi wa mapazia mwenye akili zake, atoke Sparkhill saa nne asubuhi kwenda Selly Oak, maili nne tu, afike saa tisa imeshapita, amelowa hadi magotini, na mtandio wake una kakao? Mengine mliyoyasema nyuma yangu nimeyasikia pia. Hayo tutaulizana tukionana.

Mambo ya tiketi sitayataja, hayana utamu. Ila lazima niwajulishe kwanza na Nantzin, kwa wale ambao hawajakutana naye jikoni kwangu.

Nantzin ni mama yake Marta, jirani yangu wa mlango wa pili. Ametoka huko milimani Meksiko, na lugha yake ni Kinahuatl. Kihispania anacho cha kununulia chumvi tu, Kiingereza hana kabisa. Nantzin si jina lake, ni "mama" na heshima yake ndani, kama sisi tunavyosema Bi Mkubwa. Kwa miezi minane, kila Marta akienda kazini, Nantzin alikuwa anabisha kwangu, anakaa karibu na cherehani, ananitazama nikishona. Nikaona haya kukaa na mgeni kimya kimya. Nikainua kijiko nikasema "kijiko." Akainua pilipili akasema "chilli." Biashara ikaanza. Daftari langu la vipimo vya madirisha, ukiligeuza nyuma, limejaa maneno yake. Na kwa kuwa tulikutana jikoni, maneno yote yalikuwa ya jikoni na ya ukoo. Ukiniuliza kwa Kinahuatl habari za serikali sina la kusema, lakini nyumba ni calli, moto ni tletl, na ile tl ya mwishoni msiniambie niitamke, ulimi wangu ulikataa tangu siku ya kwanza.

Siku niliyompenda kabisa ni ile ya mahindi. Nilidhani muhindi ni muhindi. Lo! Ukiwa mchanga wenye ndevu laini ni xilotl. Ukiwa mbichi wa kuchoma ni elotl. Ukikauka ni cintli. Ukiupukuchua, zile punje ni tlaolli, na gunzi lililobaki ni olotl. Nikacheka mpaka nikashika mbavu, nikamkimbilia na nazi yetu ya Mombasa: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Akanitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Watoto wetu kwa Kiingereza wana neno moja kwa hayo mahindi yote na jingine kwa hizo nazi zote, basi.

Sasa safari. Nantzin alikuwa anarudi kwao kesho yake alfajiri, na kwa umri wake na magoti yake, hatarudi tena huku. Ana mjukuu mmoja, Xochitl, maana yake ua, msichana wa chuo aliyezaliwa papa hapa Birmingham. Lugha ya bibi yake anaielewa yote lakini anajibu kwa Kiingereza, kama wa kwangu na wa kwenu. Miezi minane iliyopita Xochitl alisafisha jiko la Marta, akakuta bakuli la mahindi ya bibi yake yameanza kunuka kwa kuloweka, akayatupa kwenye pipa. Bibi akasema neno. Neno gani, Marta hakuniambia. Siku ile ile msichana akafunga mizigo, akahamia Selly Oak kwenye nyumba ya kupanga na wanafunzi wenzake, na tangu hapo hawajasemezana. Na siku hiyo ya safari yetu, treni ya Xochitl ilikuwa inaondoka kituo cha Selly Oak, hatua chache tu kutoka kwake, saa tisa na dakika tano, anakwenda Skotilandi kufanya kazi ya likizo. Alimwambia mama yake: akija kabla ya saa tisa atanikuta. Marta hakupata ruhusa kazini. Nikamwambia, "Niachie mimi, nitamfikisha saa sita mchana na chai tutakunywa."

Mlangoni kwangu hadi kituo cha basi

Ni mwendo wa dakika tano. Tulitumia dakika hamsini.

Nantzin alitoka na blauzi yake ya maua ya kudarizi, misuko miwili mgongoni, na mfuko wa kitambaa wa kilo tano za mahindi makavu, yale meupe tunayonunua Stratford Road kwa ajili ya githeri. Mfuko umefungwa kwa kamba. Nikamwambia aweke kwenye kitoroli changu cha sokoni. Akasema "Amo," yaani hapana, akaubeba mgongoni kwa shali. Nikaona sawa, ni mahindi yake na ni mgongo wake.

Tulipofika kwenye duka la mboga, akaingia kuaga. Nikadhani ataaga mwenye duka. Alikuwa anaaga mboga. Akashika nyanya, akaiambia "tomatl." Akashika parachichi, "ahuacatl." Akaenda kwenye pilipili, akaziaga nyekundu, akaziaga kijani. Maana hayo maneno ni ya kwao, wenzangu. Tomato na avokado tunavyosema na kuandika kwenye orodha ya sokoni, kumbe tumebeba maneno ya Nantzin miaka yote bila kumwambia asante. Kila siku alikuwa akimsikia yule mwenye duka akiita "tomato, tomato," naye anatikisa kichwa kama mwalimu aliyemsikia mwanafunzi akijitahidi.

"Auntie anataka nini?" mwenye duka akaniuliza.

"Hataki kitu. Anaaga."

"Ananiaga mimi?"

"Wewe bado. Yuko kwenye pilipili."

Alipomfikia, akamshika mikono miwili, akamwambia kwa Kiswahili, maana na yeye alikuwa na maneno yake ya kwetu, "Haya. Bado. Polepole." Yule bwana akafuta macho, akampa kitunguu.

Ndani ya basi, ambalo halikwenda

Tulipata basi linalokata kupitia Moseley. Tukakaa vizuri. Nikashusha pumzi, nikaanza hata kusinzia. Basi likafunga breki kwenye taa, mfuko ukateleza kutoka mapajani pa Nantzin, kamba ikalegea, na mahindi yakamwagika. Si punje mbili tatu. Yalitiririka chini ya viti vyote hadi kwa dereva.

Nikasema, "Acha, Nantzin, yaliyobaki yanatosha."

Akanitazama kama nimemtukana. Akapiga magoti katikati ya basi. Akaokota punje ya kwanza, akaipulizia pumzi ya mdomo, taratibu, akaniambia "Choca."

Choca ninalijua, ni kulia. Kwao, punje ikianguka chini na mtu akaipita, punje hiyo inalia, inamshitaki kwa aliyeiumba: huyu ameniona na ameniacha. Na mwaka utakaofuata mahindi hayaji kwa mtu huyo. Aliwahi kunieleza siku nilipomwaga mchele, akaokota wote akisema mchele nao huenda unalia, hajui, lakini kwa nini tujaribu. Ndipo nikaelewa vizuri alichokifanya Xochitl na lile pipa.

Basi, fundi mzima, nikapiga magoti.

Dereva akasema basi haliwezi kwenda abiria wakiwa wanatambaa sakafuni, ni kanuni. Nikamwambia basi na lisimame. Mama mmoja Msomali mwenye watoto watatu akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Eastleigh, "Auntie, hii kitu mnatafuta ni dhahabu ama?"

"Mahindi."

"Mahindi tu?"

"Yanalia."

Nilisema hivyo hivyo, bila hata kufikiri. Mama yule akawaambia watoto wake wateremke chini wasaidie. Huko nyuma mzee mmoja Mkongomani, amevaa suti ya kanisani, akajikunja kwa shida. "Kuko ingine huku chini ya kiti, mama. Attends, nitaitosha." Akaitoa kwa ncha ya mwavuli wake. Vijana wawili wenye vipokea sauti masikioni wakainua miguu, wakaona hatuondoki, nao wakainama. Kila punje ilipitia mkononi mwa Nantzin ikapuliziwa. Kila nikiuliza "Tumemaliza?" ananijibu neno lake la Kiswahili alilolipenda kuliko yote: "Bado."

Dereva akapiga simu kwa wakubwa zake. Nilimsikia akieleza, akasikiliza, akasema, "Hapana, sijalewa." Mwishowe basi likatufikisha Moseley, hapo dereva akatangaza kwamba safari imevunjika, wote tushuke. Hakuna aliyemlaumu Nantzin. Yule mzee wa Kongo alimvulia kofia.

Moseley, tulikofanywa watakatifu

Ilikuwa saa saba kasoro. Basi jingine lilikuwa linakuja baada ya nusu saa. Nantzin akataka choo, nikabisha kwenye mkahawa wa karibu, wenye mishumaa mchana kweupe. Mlangoni akatokea mwanamke wa Kizungu wa makamo, mashali matatu shingoni, akaiona ile blauzi ya maua na ile misuko, akaweka mkono kifuani.

"Mmefika," akasema.

"Tunaomba choo tu, dada."

"Naam. Utakaso kwanza."

Nilijua kuna tatizo, lakini haja ni haja. Nantzin alipotoka chooni, yule mwanamke akatushika mikono akatupandisha ghorofani. Chumba kikubwa, watu kumi na wawili wameketi kwa duara juu ya mito, kila mmoja na kikombe. Kumbe walikuwa na sherehe ya kakao, na mwalimu waliyemngoja hajatokea. Nikasema waziwazi, "Huyu si mwalimu, huyu ni jirani yangu, tunakwenda Selly Oak." Wakatabasamu. Mmoja akasema ndivyo walimu wa kweli wanavyosema.

Nantzin akapewa kikombe. Akanusa. "Cacahuatl," akasema, na chumba chote kikapumua kwa pamoja, haaa. Akaonja. Wenzangu, mimi namjua uso ule, ndio uso alioufanya siku nilipompa chai bila tangawizi. Akanipa kikombe mimi. Nilikunywa, ni kichungu kama dawa ya minyoo, na ndipo kilipomwagikia mtandio wangu.

Nilipoinama kujipangusa nikasikia sauti ninayoijua. Trrrrr. Mahindi yanateremka sakafuni, yanaingia chini ya sofa kubwa.

Nantzin akaenda kwenye sofa, akachungulia, mkono haufiki. Akageuka kwa duara lile la watu, akasema neno moja, kwa sauti ya kuamuru.

"Popotl."

Wakafumba macho. "Popotl," wakaitikia.

"Popotl!" Nantzin akakaza sauti, maana hakuna aliyenyanyuka.

"Popotl!" Mwanamke wa mashali machozi yakamtoka. Akasema amelihisi hapa, akagusa chini ya kitovu. Akanigeukia: "Tuambie, tafadhali. Neno hili lina maana gani?"

"Fagio."

Akanisogelea. "Fagio la roho?"

"La chelewa," nikasema. "La kufagilia. Mahindi yako chini ya kiti chenu."

Bwana mmoja mwenye ndevu akasema hilo ni fumbo zito, inabidi alitafakari. Nikamwambia alitafakari akiinua upande ule wa sofa. Basi wakainua. Na kwa kuwa Nantzin alipiga magoti, nao wakapiga magoti wote kumi na wawili, wakaokota punje moja moja, wakimwona anavyopulizia nao wanapulizia, wengine kwa nguvu mpaka punje zinaruka upya. Nusu saa nyingine ikaenda, na basi letu likaenda nayo. Tulipotoka wakatufungia keki isiyo na sukari wala unga, sijui imetengenezwa kwa nini, ukiitafuna inagoma kwenda chini. Yule mwanamke alinikumbatia kwa nguvu. Akasema kwa miaka yote ya mikutano yao, siku hiyo ndiyo ya kwanza aliyoelewa kitu.

Kwa miguu, kupitia bustani

Sasa ni saa nane. Nikasema basi basi, tutembee. Tunashuka, tunakata bustani kubwa, tunapanda upande wa pili, tunafika. Mvua ya rasharasha ikaanza, ile ya Birmingham isiyokulowesha mara moja ila inakula kidogo kidogo.

Tulipofika karibu na bwawa, trrrrr.

Nilichoka. Punje nyingine ziliingia majini, pale ukingoni. Nikavua viatu, nikakunja nguo, nikaingia bwawani. Mimi, Zuhura. Maji baridi mpaka yananipasua mifupa, nasaka mahindi kwenye tope, nikishindana na bata bukini sita waliokuja kwa fujo, shingo mbele. Nikawapigia kelele. Nikageuka kumwomba Nantzin anipe mwavuli niwafukuze, nikamkuta anacheka. Akanifanyia ishara ya kula. Wacha wale. Kumbe muhindi ulioliwa haulii, umefanya kazi yake. Unaolia ni ule ulioachwa.

"Kwa hiyo wale njiwa wote wa Stratford Road!" nikamwambia kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama majini. "Tungewaita njiwa tangu asubuhi!"

Akasema "Haya," kwa upole.

Nikatoka, nikavaa viatu juu ya tope. Tukatembea hatua kama ishirini, mimi mbele. Sijui ni kitu gani kilinifanya nigeuke. Nantzin ameuleta mfuko mbele, kifuani, na vidole vyake viko kwenye kamba. Anaifungua. Polepole, kwa makini, kama mtu anayefumua mshono.

Damu ikanichemka. "Nantzin! Wewe? Ni wewe unayeyamwaga?"

Akaficha mikono chini ya shali kama mtoto. Nikamtolea yote pale pale, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa yale maneno yangu ya jikoni. Nikamwambia miguu yangu imekufa ganzi. Nikamwambia Marta ananiamini, na saa inakwenda, na yule msichana anapanda treni, na atakuwa amekosa nini sasa, mahindi ama bibi yake? Watu wenye mbwa wakapita mbali na sisi.

Aliniacha nimalize. Kisha akaketi kwenye benchi lililolowa, akanishika mkono, akauweka kifuani pake. Moyo ulikuwa unapiga kama cherehani yangu ninapokanyaga kwa nguvu.

"Nimahui," akasema.

Neno hilo halikuwamo daftarini, lakini kwa mkono wangu mahali ulipokuwa, sikuhitaji tafsiri. Alikuwa anaogopa.

Akaendelea, na haya yote ninayajua maneno yake, ya ukoo. "Amo tinoxhuiuh." Wewe si mjukuu wangu.

"Nani alisema hivyo? Xochitl?"

"Amo." Akajigusa. "Neh." Mimi.

Jamani. Miezi minane nilikuwa nikidhani msichana ndiye mwenye kuomba radhi, na tunakwenda Selly Oak ili aiombe. Kumbe bibi ndiye. Kwa bakuli la mahindi yaliyonuka alimkana damu yake jikoni mbele ya mama yake, na sasa ana siku moja ya kulirudisha neno hilo, na anaogopa kwamba akifika, mlango utafungwa usoni pake. Kama hafiki, mlango hauwezi kufungwa. Ule mwago wa basini aliniapia ni wa kweli. Ule wa Moseley hakuapa.

Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira, sioni kwa nini nidanganye. Nikauchukua mfuko. Nikaufunga mafundo matatu ya fundi, yale ambayo hata mimi huwa nayakata kwa mkasi. Nikauvaa mgongoni.

"Twende."

"Bado," akasema.

"Bado imekwisha leo, Nantzin. Simama."

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Tulikwenda mbio, kama unaweza kuita mbio, mwanamke wa miaka sabini na kitu na mwingine anayechuruzika maji. Kwenye barabara kuu alijaribu kusimama kutazama dirisha la duka la vifaa vya pikipiki. Nikamvuta. Alijaribu kumsalimia paka. Nikamvuta. Mlimani alisema magoti, na hapo nilimwamini, tukapumzika kwenye ukuta wa mtu. Nikatoa ile keki, tukaila, maana njaa haina adabu. Simu yangu ilionyesha saa tisa kasoro dakika mbili. Nilitaka kulia.

Selly Oak

Nyumba ya Xochitl ni moja ya zile za safu, mlango unagusa barabara, mapipa matano ya taka nje na sofa limelowa kwenye kijibustani. Tulifika saa tisa na robo. Nikahesabu mara mbili, nikadhani labda simu imekosea.

Nantzin alisimama getini, hakusogea tena. Hakutafuta hata visingizio. Akanitazama tu, uso umemshuka, naye alijua tumechelewa. Nikamwambia ngoja hapo, nikaenda kubisha, ili nipate angalau kuambiwa kwamba ameondoka, nimpelekee Marta habari kamili.

Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha mara ya pili. Msichana mrefu, koti mwilini, begi kubwa miguuni pake. Akaniangalia mimi, tope na kakao na mfuko mgongoni. Kisha akaona nyuma yangu.

Nantzin akaja. Hatua nne zile zilikuwa ndefu kuliko maili zote nne. Aliinua uso, maana mjukuu amemzidi kichwa kizima, akasema bila kupumzika:

"Xinechtlapopolhui, noxhuiuh."

Noxhuiuh ni mjukuu wangu. Lile la kwanza niliambiwa na Marta jioni, ni kuomba msamaha, lakini ndani yake mna kufuta, kama unaomba mtu akufutie kitu.

Xochitl akanigeukia mimi, si bibi yake, akasema kwa Kiingereza, kwa haraka, "Mwambie treni imeondoka. Mwambie imeondoka na mimi nilikuwa hapa."

Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe, unaijua lugha."

"Siwezi. Nikisema ninakosea. Mwambie, auntie, tafadhali."

Sasa mnajua nilichokuwa nacho daftarini. Vijiko, maharage, hatua tano za muhindi. Treni sina. Kungoja sina. Nantzin ananitazama mdomoni, roho yake yote iko hapo. Nikafikiri haraka, treni ni kama nyumba inayokwenda. Nikasema, "Calli yauh." Nyumba inakwenda.

Nantzin akashituka. Akaitazama nyumba.

"Amo, amo! Calli, tletl..." Nyumba, moto. Nikatoa mlio, tuu-tuu, nikazungusha mikono kama magurudumu. Nantzin akamshika mjukuu wake mkono ili amtoe nje haraka, nyumba inaungua. Nikaona ninaharibu, jasho likanitoka na ubaridi wote ule. Nikajaribu mara ya mwisho. "Xochitl amo yauh." Xochitl haendi. Na hilo likawa baya zaidi, kwa sababu Nantzin akaelewa kwamba msichana hataki kwenda naye popote, amemkataa. Mkono ukamwachia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nyamaza, auntie, utamuua!" Xochitl akapiga kelele. Akavuta pumzi. Akamwangalia bibi yake usoni, akasema neno moja, kwa sauti ya chini, na ile tz na ile x, kila moja mahali pake:

"Onimitzchix."

Nilikungoja.

Sikuwa nalo neno hilo, lakini niliona linavyoingia. Nantzin alimpiga kofi dogo begani, kofi la kumwambia kwa nini umenitesa hivi, kisha akamvuta kichwa chini mpaka shavu likagusa shavu. Msichana akaanza kusema, anakwama, anarudia, anakosea, bibi anamsahihisha huku analia, naye anasema tena. Wakaingia hivyo hivyo, wamekumbatiana, begi limebaki kizingitini, na mguu wa mmoja wao ukausukuma mlango ukafungwa.

Nikabaki nje na mvua, na kilo tano mgongoni. Ndani nilisikia sauti mbili zikipishana, na hakuna hata neno moja la Kiingereza. Nikakaa juu ya lile sofa lililolowa. Sikubisha hodi.